UTI sugu kwa wanawake: Fahamu mchango wa homoni

MAAMBUKIZI katika njia ya mkojo, ambayo wengi wameyazoea kwa jina la UTI, ni miongoni mwa maradhi yanayowapeleka wanawake wengi katika zahanati, vituo vya afya na hospitali. Inakadiriwa kuwa nusu ya wanawake wote, au zaidi kidogo, huugua maradhi haya japo mara moja katika maisha yao.

Kwa walio wengi, maradhi huondoka baada ya kutumia dawa kwa siku chache na hayarudi kwa muda mrefu. Lakini wapo wanawake ambao hutibiwa, hupata nafuu, kisha baada ya wiki au miezi michache hujikuta wamerudi pale pale: maumivu chini ya kitovu, mkojo unaochoma, na haja ndogo inayowaamsha usiku kucha.

Mitaani hali hiyo huitwa "UTI sugu", na jina hilo limewafanya wengi waamini kuwa kosa lote ni la kijidudu kilichokataa kufa kwa dawa. Usugu wa vijidudu dhidi ya dawa upo, na ni tatizo kubwa. Hata hivyo, kwa wanawake wengi, hasa waliokwisha kukoma hedhi, maradhi hurudi kwa sababu mabadiliko ya homoni yamedhoofisha kinga ya asili ya uke na njia ya mkojo. Dawa huua vijidudu vilivyopo leo, lakini kinga hiyo isiporejeshwa, vingine hupita katika mwanya ule ule.

UTI inayojirudia ni ipi?

Njia ya mkojo huanzia kwenye figo mbili, hushuka kwa mirija miwili hadi kwenye kibofu, na huishia kwenye mrija wa kutolea mkojo nje. Vijidudu vikiingia katika sehemu yoyote ya njia hiyo, vikazaliana na kuleta dalili, ndipo husemwa kuwa mtu ana UTI. Mara nyingi maambukizi huishia kwenye kibofu. Yakipanda hadi kwenye figo huwa ya hatari.

Madaktari husema UTI inajirudia pale mwanamke anapougua mara mbili au zaidi katika miezi sita, au mara tatu au zaidi katika mwaka mmoja. Kati ya wanawake wanaougua UTI ya kibofu kwa mara ya kwanza, takriban robo yao huugua tena ndani ya miezi sita.

Kijidudu kinachosababisha sehemu kubwa ya maambukizi haya ni bakteria aitwaye Escherichia coli, au kwa kifupi E. coli. Alielezwa mwaka 1885 na Theodor Escherich, daktari wa watoto aliyekuwa akifanya kazi mjini Munich, Ujerumani. Bakteria huyu huishi katika utumbo wa kila mtu, na aghalabu hana madhara akiwa huko. Madhara huanza anapohama na kuingia katika njia ya mkojo.

Maumbile ya mwanamke

Mrija wa kutolea mkojo wa mwanamke una urefu wa takriban sentimita 4 tu, ilhali wa mwanamume hufikia karibu sentimita 20. Aidha, tundu la mkojo la mwanamke lipo karibu na uke, na uke upo karibu na njia ya haja kubwa. Safari ya kijidudu kutoka utumbo hadi kibofu ni fupi.

Katika safari hiyo kipo kituo kimoja muhimu. Kabla ya kupanda kwenye kibofu, E. coli kwa kawaida huweka makazi kwanza ukeni na kuzunguka tundu la mkojo. Kwa hiyo hali ya uke ndiyo inayoamua kwa kiasi kikubwa iwapo kijidudu kitapata makazi au kitafukuzwa mlangoni.

Estrojeni na walinzi wa uke

Homoni ni kemikali zinazotengenezwa na tezi za mwili na kusafirishwa na damu ili kuamrisha kazi za viungo mbalimbali. Homoni kuu ya kike ni estrojeni, ambayo kwa mwanamke aliye katika umri wa kuzaa hutengenezwa zaidi na ovari, yaani vifuko vya mayai.

Estrojeni inapokuwa ya kutosha, ngozi laini ya ndani ya uke huwa nene, yenye unyevu na yenye kunyumbulika. Chembe za ngozi hiyo huhifadhi aina ya sukari iitwayo glaikojeni. Chembe hizo zinapokufa na kubanduka, kama ilivyo kawaida ya mwili, sukari hiyo huwa chakula cha bakteria wema wanaoitwa laktobasili.

Bakteria hao walielezwa mwaka 1892 na daktari wa Ujerumani, Albert Döderlein. Kazi yao ni kugeuza sukari kuwa asidi laktiki, na hivyo kuufanya uke uwe na hali ya tindikali. Katika kipimo cha tindikali kiitwacho pH, ambacho namba ikishuka tindikali huwa kali zaidi, uke wenye afya wa mwanamke aliye katika umri wa kuzaa huwa kati ya 3.5 na 4.5. E. coli hupata shida kustawi katika hali hiyo.

Kazi ya estrojeni haiishii ukeni. Mrija wa mkojo na sehemu ya chini ya kibofu navyo huipokea homoni hii, kwa kuwa viungo hivyo hukua kutokana na chimbuko moja na sehemu ya chini ya uke mtoto angali tumboni. Mwaka 2013, watafiti wa Taasisi ya Karolinska nchini Sweden walichapisha utafiti ulioonyesha kuwa estrojeni huimarisha viunganishi vya chembe za ukuta wa kibofu, na huongeza kemikali za asili ambazo mwili huzitumia kuua vijidudu.

Hedhi inapokoma

Wanawake wengi hukoma hedhi kati ya umri wa miaka 45 na 55. Miaka kadhaa kabla ya hapo, ovari huanza kupunguza utengenezaji wa estrojeni, na hedhi ikishakoma kiwango chake hushuka sana. Hali kama hiyo huwapata pia wanawake wenye umri mdogo walioondolewa ovari zote mbili kwa upasuaji, na baadhi ya wanaotumia dawa za saratani ya matiti zinazozuia estrojeni.

Matokeo yake huonekana hatua kwa hatua. Ngozi ya ndani ya uke huwa nyembamba na kavu, sukari ya glaikojeni hupungua, na laktobasili hukosa chakula na kutoweka. Tindikali hupungua, pH hupanda na kupita 5, na bakteria wa utumbo hupata makazi ambayo zamani wasingeyapata.

Wakati huo huo, misuli na nyama zinazoshikilia kibofu hulegea kwa sababu ya umri na uzazi. Kibofu kinaweza kushuka, mkojo ukavuja mtu anapokohoa au kucheka, au ukabaki kidogo ndani baada ya kukojoa. Mkojo unaobaki ndani ni mahali pazuri pa kuzaliana vijidudu.

Ndiyo maana mwanamke wa miaka 58, ambaye katika ujana wake hakuwahi kuugua UTI hata mara moja, anaweza kuanza kuugua mara nne kwa mwaka bila kubadili chochote katika maisha yake. Usafi wake ni ule ule. Kilichobadilika ni homoni.

Mwaka 2014, jumuiya za wataalamu zinazoshughulikia ukomo wa hedhi na afya ya uzazi ya wanawake zilikubaliana kuyaunganisha matatizo hayo ya uke na ya mkojo chini ya jina moja la kitabibu, ili daktari anayesikia habari ya ukavu wa uke aulizie pia habari ya mkojo. Tofauti na fukuto la mwili na jasho la usiku, ambavyo kwa wengi hupungua kadiri miaka inavyopita, matatizo haya huelekea kuongezeka yasipotibiwa.

Wajawazito na wanaonyonyesha

Katika ujauzito, homoni nyingine iitwayo projesteroni hupanda sana. Homoni hiyo hulegeza misuli laini ya mwili, ikiwamo ya mirija inayotoka kwenye figo. Mirija hupanuka, mkojo hushuka polepole, na mfuko wa uzazi unaokua huikandamiza mirija hiyo kwa nje. Vijidudu vilivyomo kwenye kibofu hupata nafasi ya kupanda.

Hatari kwa mjamzito ni kwamba anaweza kuwa na bakteria wengi katika mkojo bila kuhisi dalili yoyote. Asipotibiwa, uwezekano wa maambukizi kupanda hadi kwenye figo ni mkubwa, na maambukizi ya figo huweza kusababisha uchungu kabla ya wakati na mtoto kuzaliwa na uzito pungufu. Mwaka 2016, Shirika la Afya Duniani (WHO) lilipendekeza wajawazito wapimwe mkojo kwa njia ya kuotesha vijidudu maabara, na wanaokutwa na bakteria watibiwe kwa antibiotiki kwa siku saba, hata kama hawana dalili.

Baada ya kujifungua, mama anayenyonyesha huwa na kiwango cha chini cha estrojeni kwa muda, na wengi huhisi ukavu ukeni. Kwa kawaida hali hiyo huondoka hedhi inaporejea.

Kwa wanawake vijana ambao homoni zao ziko sawa, kichocheo kikubwa cha UTI ni tendo la ndoa, ambalo husukuma vijidudu kuelekea kwenye tundu la mkojo. Dawa za kuua mbegu za kiume zenye kemikali ya nonoksinoli-9, zinazopakwa ukeni au kwenye baadhi ya kondomu, huongeza hatari kwa sababu huwaua pia laktobasili.

Utafiti unasemaje?

Ushahidi unaojulikana sana kuhusu homoni na UTI ulitolewa mwaka 1993 katika jarida la New England Journal of Medicine na watafiti Raul Raz wa Israel na Walter Stamm wa Marekani. Waliwachunguza wanawake 93 waliokoma hedhi na waliokuwa wakisumbuliwa na UTI ya kujirudia. Baadhi walipewa krimu ya ukeni yenye estrioli, ambayo ni aina ya estrojeni, na wengine krimu isiyo na dawa.

Waliotumia krimu yenye homoni waliugua kwa wastani wa mara 0.5 kwa mwaka, ilhali wenzao waliugua mara 5.9. Kabla ya tiba hakuna hata mmoja aliyekuwa na laktobasili ukeni. Baada ya mwezi mmoja, bakteria hao wema walikuwa wamerejea kwa asilimia 61 ya waliopata homoni, na hawakurejea kwa yeyote katika kundi la pili.

Jambo la kuzingatia ni kuwa vidonge vya estrojeni vya kumeza havikuleta manufaa kama hayo. Uchambuzi wa tafiti mbalimbali uliotolewa mwaka 2008 na mtandao wa Cochrane ulibaini kuwa estrojeni ya kumeza haikupunguza UTI, na kwamba manufaa yalionekana kwa ile inayowekwa ukeni.

Mwaka 2019, Chama cha Madaktari wa Mfumo wa Mkojo cha Marekani, kikishirikiana na wenzao wa Canada, kilitoa mwongozo unaopendekeza estrojeni ya ukeni kwa wanawake wanaokaribia kukoma hedhi au waliokwisha kukoma, wenye UTI ya kujirudia, ikiwa hakuna sababu ya kuwazuia.

Tiba hiyo hutolewaje?

Estrojeni ya ukeni hupatikana kama krimu, kidonge kidogo au pete laini. Krimu na vidonge kwa kawaida hutumika kila siku kwa wiki mbili za mwanzo, kisha mara mbili kwa wiki. Matokeo hayaji kwa siku moja. Ngozi ya uke huhitaji wiki kadhaa, pengine hadi miezi mitatu, kurudia hali yake, na mwanamke anayeacha baada ya wiki moja kwa kuona hakuna mabadiliko anajinyima manufaa.

Kiasi cha homoni kinachoingia katika damu kwa njia hii ni kidogo sana. Pamoja na hayo, hii ni dawa ya kuandikiwa na daktari. Mwanamke aliyewahi kuugua saratani ya matiti sharti ashauriane kwanza na daktari anayemtibu saratani hiyo. Mwanamke anayetokwa na damu ukeni baada ya hedhi kukoma achunguzwe chanzo chake kabla ya kuanza homoni yoyote, kwa kuwa damu hiyo inaweza kuwa dalili ya saratani.

Vipimo kabla ya dawa

Si kila maumivu ya mkojo ni UTI. Utafiti mkubwa uliofanyika Kenya, Tanzania na Uganda, uliohusisha wagonjwa zaidi ya 7,000 wenye dalili za UTI, uligundua kuwa ni takriban theluthi moja tu waliothibitika kuwa na maambukizi baada ya mkojo wao kuoteshwa maabara. Miongoni mwa bakteria waliopatikana, karibu nusu walikuwa na usugu dhidi ya aina kadhaa za dawa.

Maana yake ni kuwa wengi humeza antibiotiki wasizozihitaji, na wanaozihitaji huenda wakapewa isiyofanya kazi. Mazoea ya kununua dawa dukani bila cheti cha daktari, au kumalizia vidonge vilivyobaki kwa jirani, huongeza usugu huo. Tena antibiotiki huua hata laktobasili, na hivyo kumwacha mwanamke na kinga pungufu kuliko mwanzo.

Kwa mwanamke aliyekoma hedhi, ukavu wa uke pekee unaweza kuleta muwasho na mkojo wa kuchoma unaofanana na UTI. Kisonono na klamidia nazo huleta dalili kama hizo. Kwa wakazi wa maeneo yenye kichocho cha mkojo, kama Pemba, Unguja na sehemu za pwani ya Kenya, damu katika mkojo yaweza kuwa dalili ya ugonjwa huo, ambao una dawa yake tofauti. Kisukari nacho huongeza hatari ya UTI, hivyo ni vyema kupima sukari.

Mwanamke ambaye UTI inamrudia anapaswa kuomba mkojo wake uoteshwe kabla ya kuanza dawa. Achukue mkojo wa katikati, yaani aache ule wa mwanzo upite kwanza, baada ya kujisafisha. Kwa upande mwingine, wanawake wazee wengi huwa na bakteria katika mkojo bila dalili yoyote. Hao, wasipokuwa wajawazito au wanaotarajia upasuaji wa njia ya mkojo, kwa kawaida hawahitaji antibiotiki.

Namna ya kujikinga

Maji ya kutosha yana faida iliyothibitishwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018, uliohusisha wanawake 140 ambao hawajakoma hedhi, na waliokuwa na mazoea ya kunywa maji kidogo, ulionyesha kuwa walioongeza lita moja na nusu kwa siku waliugua kwa wastani mara 1.7 kwa mwaka, huku wasioongeza wakiugua mara 3.2. Mwenye maradhi ya moyo au figo amuulize daktari kabla ya kuongeza maji.

Mengine yanayoshauriwa ni kutobana mkojo kwa muda mrefu, kukojoa baada ya tendo la ndoa, na kujisafisha kutoka mbele kwenda nyuma. Uke usioshwe kwa ndani kwa sabuni, marashi, dawa za kuua vijidudu wala limau. Ukeni hujisafisha penyewe, na kuosha kwa ndani huwaondoa walinzi wake.

Si aibu wala ushahidi wa usaliti

Wapo wanawake wanaoficha maradhi haya kwa kuhofia kuambiwa ni wachafu. Wapo pia waliogombana na waume zao, kila mmoja akimtuhumu mwenzake kwa kuleta ugonjwa nyumbani. UTI si ugonjwa wa zinaa. Bakteria anayeileta kwa kawaida hutoka katika utumbo wa mwanamke mwenyewe, na kwa mama aliyekoma hedhi upungufu wa homoni hutosha kumfungulia njia.

Yafaa waume walijue hilo, na watoto wanaowapeleka mama zao hospitali nao walijue. Mama wa makamo huona haya kumweleza daktari kijana kuhusu ukavu wa uke au maumivu katika tendo la ndoa, na daktari asipouliza, hutoka na antibiotiki nyingine mkononi. Inatosha kusema: "Hedhi imekoma mwaka fulani, na tangu hapo mkojo unanisumbua mara kwa mara." Sentensi hiyo moja humpa daktari sababu ya kufikiria homoni.

Dalili za kwenda hospitali haraka

Mwanamke mwenye dalili za mkojo asisubiri iwapo ana homa kali au kutetemeka, maumivu ya ubavuni au mgongoni chini ya mbavu, kutapika, au ni mjamzito. Hizo zaweza kuwa ishara kuwa maambukizi yamefika kwenye figo. Damu katika mkojo isiyoondoka baada ya tiba nayo ichunguzwe, hasa kwa aliyevuka miaka 40, kwani yaweza kuwa dalili ya saratani ya kibofu.

Kwa wale ambao maradhi yamewarudia mara mbili au tatu, hatua ya kwanza ni kuandika tarehe za kuugua, dawa zilizotumika na majibu ya vipimo, kisha kumpelekea daktari wa magonjwa ya wanawake au wa mfumo wa mkojo. Estrojeni ya ukeni haipatikani katika kila duka la dawa, lakini daktari anaweza kumwelekeza mgonjwa mahali pa kuipata na namna ya kuitumia.